Mtoto Aliyeniomba Nisimpe Firigisi

Mama Mughwai mpendwa, pokea salamu nyingi za huku kwetu mkoani Singida ambako alizeti imeshavunwa na upepo umeanza kusumbua macho, na baada ya salamu naomba unishike mkono, maana zimebaki siku chache nisimame mbele ya hakimu na sijui nitasema nini, mume wangu nimeshindwa kumwambia, mchungaji nimeshindwa kumwambia, nimebaki na wewe usiyenijua hata sura.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na tatu, kazi yangu ni ushonaji, nashona sare za shule na nguo za sherehe hapa kijijini, na miaka miwili iliyopita nilichaguliwa pamoja na wenzangu wanne tukafundishwa siku tano kuwa watetezi wa watoto mahakamani, kazi ya kujitolea. Kwa asiyeijua ni hivi, mtoto akiondolewa kwao kwa sababu ya mateso au akikosa wa kumlea, ustawi wa jamii wanamtafutia familia na mahakama ndiyo inatoa amri akae wapi na kwa muda gani, sasa mimi naitembelea ile nyumba, naongea na mtoto, naandika taarifa, na siku ya shauri nakaa kando yake na hakimu ananiuliza, wewe unayemjua huyu mtoto, unasemaje. Kazi hii niliipenda kwa moyo wangu wote, Mama Mughwai, na kitambulisho chake nakitundika ukutani juu ya cherehani.

Mtoto niliyekabidhiwa anaitwa Rebeka, ana miaka tisa. Mama yake alikufa kwa kipigo cha baba yake, baba yuko gerezani, na ndugu wa pande zote mbili walikataa kumchukua, kila upande ukisema yule ni damu ya wale. Afisa ustawi wa jamii, bwana Stanley, ambaye ana pikipiki moja na kata zaidi ya kumi, aliponiuliza kama naifahamu familia yenye utulivu, mimi ndiye niliyemtajia Martha. Tunaimba wote kwaya, tunasimama bega kwa bega sauti ya pili, uwanja wake umefagiliwa siku zote, mume wake Mzee Mathayo ni mzee wa kanisa na hana neno na mtu, watoto wao wameshaoa na kuolewa. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba pale mtoto atanenepa.

Sasa nikaanza kumtembelea. Nilikuwa napiga simu siku moja kabla, maana kwetu kumvamia mtu bila taarifa ni kumdhalilisha, atakupa nini, na kweli nikifika nakuta mkeka umetandikwa, kuku amechinjwa, Rebeka ameoga na amevaa sare niliyomshonea mwenyewe kwa kitambaa cha dukani kwa Induben kule Singida mjini, kitambaa kizuri kisichopauka. Mama Mughwai unajua kwetu firigisi haliwi na kila mtu, ni la baba mwenye nyumba, lakini Martha alikuwa ananiwekea mimi kwenye sahani juu kabisa, anasema leo mwanaume ni wewe, umetoka mahakamani, na tunacheka. Mara ya kwanza Rebeka alikuwa amekaa karibu yangu analitazama lile firigisi, halafu anatazama chini, halafu analitazama tena, moyo ukaniuma nikalichukua nikampa mkononi, akala upesi sana, Martha akacheka akasema umeshaanza kumdekeza mtoto, nami nikacheka. Niliondoka nimefurahi, kweli nilijisikia mtu mwema.

Mara ya pili nilipofika Rebeka alikula kule jikoni. Nikamwita akakataa, nikamfuata na kipande cha nyama akaweka mikono nyuma. Martha akasema ni haya tu, anajifunza adabu, wageni wakila watoto hawakai hapo, na mimi niliona ni kweli kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, nikaandika kwenye taarifa kwamba mtoto ana adabu, ni msafi na anaendelea vizuri. Mara ya tatu ikawa hivyo hivyo, nikaandika hivyo hivyo.

Mwezi jana nilitoka kwenye msiba kijiji cha pili, bodaboda ikapata pancha karibu na kwa Martha, nikasema nipite nisalimie wakati yule kijana anaziba. Ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi, siku ya shule. Martha alikuwa ameenda mnadani na Mzee Mathayo yuko shambani. Nilimkuta Rebeka peke yake anatwanga mtama, amevaa gauni lililochanika bega zima, na jinsi alivyoshika mchi nikaona kuna kitu, nikamwambia nionyeshe mkono. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungua vikapona vimeshikana pamoja, ngozi inang'aa. Nikamuuliza umefanya nini, akasema uji. Nikakaa chini kwenye vumbi na nguo zangu za msibani, sikumuuliza tena, nikawa namsaidia kupepeta, na baada ya muda akaniambia mwenyewe, polepole, kwa Kinyiramba, maana Kiswahili anakisema shuleni tu.

"Mama Joyce, ukija tena usinipe firigisi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema siku ile nilipoondoka Martha alimwambia umenidhalilisha mbele ya mtu wa serikali, umekula kama mbwa, sasa ataandika kwamba hapa hatukulishi. Akamshika mkono uliopokea akaugandamiza kwenye figa la jikoni wakati moto bado upo. Mzee Mathayo alikuwepo, akatoka nje. Hakupelekwa zahanati, walimpaka mafuta ya alizeti. Akaniambia pia kwamba nyama wanapika siku nikija mimi, siku nyingine anakula akibakiza mtu, na kwamba ile sare inavuliwa nikishatoka, inakunjwa inawekwa sandukuni, anaivaa mara mbili kwa mwezi akiruhusiwa kwenda shule. Mama Mughwai mimi ni fundi. Sketi ya mtoto anayeenda shule inachakaa makalioni kwa miezi mitatu, naijua, ndiyo riziki yangu, na ile sketi ilikuwa na miezi minane na mikunjo yake ya pasi bado imesimama. Niliiona kila nilipokwenda, nikajisifu kwamba nashona nguo imara.

Rebeka akanishika kanga akasema usiseme. Akasema, "Ukisema watanipeleka kwa nani?" Nikamwahidi sitasema, nikapanda pikipiki nikaondoka.

Tangu siku hiyo leo ni siku ya ishirini na mbili. Bwana Stanley alinipigia kuuliza kama kuna jipya kwa sababu shauri limekaribia, hakimu ataamua kama Rebeka abaki kwa Martha moja kwa moja mpaka awe mtu mzima, nikamjibu hakuna jipya. Sijui ni nani aliyejibu kwa mdomo wangu. Nilikwenda shuleni kwao nikamwona mwalimu Emilian, akanionyesha daftari la mahudhurio bila kusema kitu, nikarudi nyumbani nikashindwa hata kutia uzi kwenye sindano. Kwenye kwaya nasimama karibu na Martha, naimba naye sauti ya pili.

Nikisema, taarifa zangu tatu zitaonekana ni za uongo na labda nitashtakiwa mimi. Watu watasema mimi ndiye niliyemtafutia mtoto ile nyumba, na mimi ndiye niliyempa lile firigisi, na ni kweli, kama ningekula mwenyewe kama mgeni anavyotakiwa yule mtoto angekuwa na vidole vyake. Na nimemwahidi mtoto. Na familia nyingine hakuna, makao ya watoto yako mkoa wa mbali ambako hata lugha yake hakuna anayeijua. Nimefikiria nimwite Martha pembeni baada ya mazoezi ya kwaya, nimwonye kidada, nimwambie nimejua na aache, akikubali basi yaishe kimyakimya na mimi niende kumtembelea mara nyingi zaidi. Niambie kama hilo linafaa. Sili, silali, naomba msaada wako.

Ni mimi Mama J., mkoani Singida.

MAMA MUGHWAI ANAJIBU

Mama J., barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Majina yote nimeyabadilisha, wilaya nimeifuta, na mambo mengine madogo nimeyageuza ili mtoto asijulikane. Ulichokiomba nitakupa, ila kwanza nikueleze jambo nililolifanya bila ruhusa yako. Namba yako ya simu uliyoandika chini ya barua nimeipiga mara sita, hukupokea. Nikapiga 116, simu ya kutoa taarifa za watoto, nikawasomea barua yako, na wamechukua jina la kijiji na la mtoto. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, nina umri wa kuvumilia.

Sasa tuongee. Habari ya firigisi iache leo hii. Ulimwona mtoto mwenye njaa ukampa nyama. Hilo si kosa, na kama mila inasema ni kosa basi mila imekosea, nami nimezaliwa ndani ya mila hiyo hiyo na nimekaa jikoni nikisikia harufu ya firigisi la baba miaka kumi na mitano. Mkono wa Rebeka aliuchoma Martha. Mathayo alitoka nje, kwa hiyo na yeye amo. Wewe unang'ang'ania kubeba kosa lisilo lako kwa sababu lina machozi, watu watakuhurumia. Yaliyo yako hayana machozi, na ndiyo nitakayokutajia.

Ulikuwa unapiga simu siku moja kabla. Mdogo wangu, wewe ulikuwa hujaenda kutembea, ulikuwa umetumwa na mahakama. Mgeni wa kawaida anabisha hodi na kusubiri mkeka, kwa sababu amekuja kumtazama mwenye nyumba. Wewe ulikuja kumtazama mtoto, ukapokelewa na kuku. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika nyumba ile aliyepona kwa ujio wako ni Rebeka, siku moja, kwa mlo mmoja, na hata huo ukamgharimu vidole. Halafu ile sketi. Macho ya fundi yaliona, mkono wa mtetezi ukaandika kitu kingine, kwa sababu kuona ukweli kungekulazimu kukosana na mtu mnayesimama naye sauti ya pili.

Na siku ishirini na mbili. Nimezihesabu tena baada yako, nikaongeza siku ambazo barua imesafiri. Unasema huli wala hulali. Pole, nakuamini, na sisemi hivyo kwa kejeli. Lakini wewe hulali kwenye kitanda chako na mlango umeufunga kwa ndani, na yeye yuko na yule mwanamke. Bwana Stanley alikuuliza kwa mdomo wake, ukamjibu hakuna jipya. Unasema hujui nani alijibu. Ulijibu wewe.

Kuhusu ahadi. Mtu mzima haahidi siri ya namna ile, na najua hata katika zile siku tano za mafunzo walikwambia, ila moyo ulikuwa umekatika na nakuelewa. Lakini rudi usome ulichoniandikia mwenyewe. Mtoto alikuuliza, watanipeleka kwa nani. Wewe ukasikia ombi la kubaki pale. Mimi nasikia swali. Mtoto ambaye ndugu wa pande mbili wamemkataa anakuuliza kama kuna mtu yeyote duniani atakayempokea, na wewe ukamjibu kwa kumwahidi kumwacha alipo. Hilo ndilo lililoninyanyua kwenye kiti.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, usingoje siku ya shauri. Martha usimwite pembeni, usimwonye kidada wala kikaka, usimpe hata dalili ya uso. Siku ile Rebeka alikuwa peke yake nyumbani, na huenda majirani walikuona. Ukimwambia Martha umejua, atajua nani amesema, na figa liko pale pale. Kwenye kwaya sema unaumwa, maana kweli unaumwa.

Mpigie bwana Stanley sasa hivi. Usianze na maelezo marefu, mwambie nilikudanganya, mtoto amechomwa mkono, njoo. Akiwa porini kwenye kata nyingine nenda mwenyewe polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, ueleze ulichoona kwa macho na ulichoambiwa, vitu viwili tofauti, usivichanganye. Waombe mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, daktari auone mkono na auandike, na uulize kama vile vidole vinaweza kutenganishwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza mpaka leo. Mwalimu Emilian alikunyooshea daftari bila neno. Rudi umwombe neno, na daftari lenyewe liende mahakamani.

Kwa hakimu usihangaike utasema nini. Umeshasema. Kurasa nne ulizoniandikia mimi, mgeni nisiyekujua, ndizo taarifa ya kweli pekee uliyowahi kuiandika kuhusu mtoto huyu. Nimebaki na nakala, na yenyewe nimekurudishia kwa basi ndani ya bahasha iliyofungwa, kaichukue kwa wakala. Toa salamu za mwanzo, toa jina langu, weka jina lako kamili na sahihi, na juu yake andika kwamba taarifa zako tatu za nyuma hazikuwa za kweli na unaziondoa. Wanaweza kukufukuza kazi hiyo ya kujitolea. Wanaweza kukuhoji kwa ukali, na hapo mwanasheria wa msaada umtafute mapema. Kitambulisho cha ukutani kinaweza kurudishwa ofisini. Kubali. Kijiji kitasema, kitanyamaza, kitapata la kusema jingine.

Unasema familia nyingine hakuna. Hilo si lako kuliamua peke yako, ni kazi ya ustawi wa jamii na ya mahakama, na njia ya muda ipo hata kama ni ya mbali. Wewe kazi yako ni kumwambia hakimu kwamba mtoto anaongea Kinyiramba, kwamba anahitaji mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake popote atakapokwenda, na kwamba mmoja wa ndugu waliomkataa aulizwe tena mbele ya mahakama, safari hii asijifiche nyuma ya ukoo. Wala usikimbilie kumchukua nyumbani kwako wiki hii ili usafishe roho yako. Ameshatumiwa vya kutosha kwa mambo ya watu wazima.

Limebaki moja, na ndilo gumu. Kabla ya shauri utakutana na Rebeka, na utamwambia mwenyewe, asilisikie kwa polisi. Mwambie uliahidi kunyamaza na umevunja ahadi. Mwambie kwa nini, kwa maneno machache, kwa lugha yake. Usilie mbele yake, atakubembeleza, na si kazi yake. Usimwambie atakwenda pazuri, kwa sababu hujui. Kisha siku ya shauri ukae kando yake kama ulivyotumwa. Inawezekana atahamisha macho. Inawezekana umri wote uliobaki hatakuamini. Mtoto aliyefundishwa adabu kama yeye, akikupita pale mahakamani bila kukuamkia shikamoo, wewe usimdai.